Maswali ya Wasomaji: Kuku Mgeni na Kadi Yake ya Benki

Mwezi huu barua zenu zimejaa kadi. Sijui ni msimu wa safari au ni zile habari za watu kuamka asubuhi wakakuta akaunti imefagiliwa, ila karibu kila mtu anauliza kitu kilekile kwa sura tofauti: nikiwa ugenini kadi yangu ntailinda vipi. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya msafiri inaonekana toka mbali jamani, begi kifuani, macho juu kwenye vibao, na akifika kwenye ATM anaisoma skrini kama yuko kwenye mtihani. Nimechagua barua chache, nyingine nimezifupisha, majina ni yale mliyojipa wenyewe.

Anti, nasafiri nje kwa mara ya kwanza, wiki mbili. Nina kadi moja tu ambayo ndo ya akaunti ya mshahara. Kaka yangu anasema nibebe keshi yote, mume wangu anasema keshi ya nini siku hizi, nibebe kadi tu. Wananichanganya. Nimsikilize nani? (Mama Mapacha)

Mama Mapacha, wote wawili wamepatia nusu. Keshi yote ikiibiwa imeenda, hakuna wa kumpigia simu akurudishie. Kadi moja ikiibiwa au ikimezwa na mashine siku ya pili, basi wiki moja na ushee iliyobaki utaishi kwa huruma za watu. Kwaiyo we beba vyote, ila kwa akili.

Cha kwanza kabisa, hiyo kadi ya mshahara usiifanye ndo ya kulipia kila kitu huko. Fungua akaunti ya pili, hata kama ni ndogo, weka humo hela ya siku tatu nne, ikipungua unajihamishia mwenyewe kwa simu. Mwizi akiipata hiyo kadi anakuta kisima kifupi. Hii ndo njia ninayoipenda kuliko zote manake haitegemei umakini wako, na safarini umakini unachoka kabla ya miguu.

Halafu ziwe kadi mbili, na kama inawezekana moja ya Visa nyingine ya Mastercard, kwa sababu kuna mashine zitaikataa moja na kuikubali nyingine bila kukupa sababu. Zisikae pochi moja! Utashangaa watu wangapi wanabeba kadi tatu "kwa usalama" halafu zote ziko kwenye waleti moja mfuko wa nyuma. Moja mwilini, nyingine kwenye begi lililobaki chumbani, na keshi kidogo kando ya kukufikisha hotelini usiku ule wa kwanza hata kama kila kitu kimegoma.

Kabla hujaondoka ongea na benki yako mambo matatu. Kwanza kadi imefunguliwa kutumika nje? Benki nyingi zinaifunga mpaka uombe, au unaiwasha mwenyewe kwenye apu. Pili wapunguze kiwango cha juu cha kutoa na kulipa kwa siku. Tatu uwe unapata meseji kila muamala unapopita, hata wa senti. Na uulize namba ya kuwapigia ukiwa nje ya nchi, yenye kodi ya nchi mbele (zile namba za utambulisho wa nchi, sio ushuru), manake zile namba fupi na za bure mara nyingi hazishiki ukiwa nje. Namba hiyo iandike kwenye karatasi, sio kwenye simu peke yake, na sio nyuma ya kadi peke yake, kadi ikiibiwa na namba imeibiwa.

Umeniuliza pia pembeni kama kadi ya krediti ni salama zaidi ya debiti. Kwa safari, ndio, na sababu yenyewe ni hii: kwenye debiti hela ikiibiwa iliyotoka ni yako, na wakati benki inachunguza we ndo unalala njaa. Kwenye krediti ni deni unalobishania, hela yako bado iko mahali pake. Hata sheria zinaziona tofauti. Mfano Marekani, kwenye krediti mwenye kadi hawezi kubebeshwa zaidi ya dola 50 kwa matumizi ya wizi, lakini kwenye debiti ni dola 50 ukiripoti ndani ya siku 2 za kazi toka ujue kadi imepotea, ukichelewa inapanda mpaka 500, na ukiziacha siku 60 zikapita toka utumiwe taarifa ya akaunti inayoonyesha huo wizi, kinachoibiwa baada ya hapo unaweza kukibeba chote. Nchi za Umoja wa Ulaya mzigo wako mwisho ni euro 50, isipokuwa kama ulizembea sana, na kuandika pini ukaiweka pamoja na kadi ndo mfano wa uzembe wenyewe. Kwa kawaida kinachokuhusu ni sheria na mkataba wa benki iliyokupa kadi, sio wa nchi uliyotembelea, kwaiyo uliza wa kwako unasemaje KABLA ya kupanda ndege.

Nasikia kuna watu wanafunga vifaa kwenye ATM vinavyokopi kadi. Mtu wa kawaida atajuaje? Mi siku hizi naogopa hata kuisogelea mashine. (Mwoga wa Mashine)

Ndugu yangu, ngoja nikuhadithie la kwangu, manake mimi hawakunikopi, mimi niliwapa.

Safari yangu moja ya mwanzo mwanzo, jioni, nje ya duka limefungwa, ATM iko ukutani barabarani. Naingiza kadi, inaingia, skrini haisemi kitu, nabonyeza futa, kadi haitoki. Nyuma yangu kaka mmoja nadhifu, shati limepigwa pasi, anaongea kwa upole, ananiambia mashine hii ina tabia hiyo, jana ilimfanyia na yeye, we andika pini yako halafu bonyeza futa mara mbili. Nikaandika. Haikutoka. Akaniambia nenda benki kesho watakupa. Nikamshukuru! Nilimshukuru kabisa kwa mikono miwili. Nimefika chumbani meseji zinaingia moja baada ya nyingine, hela inatolewa.

Nilichofanyiwa ni kitu cha zamani sana. Wanaweka kiplastiki chembamba au utepe ndani ya tundu la kadi, kadi inaingia lakini inanasa, mashine haiisomi na wala haiitemi. Msamaria mwema anaichungulia pini yako, we ukiondoka anachomoa kile kiplastiki na kadi yako ikiwa juu yake. Ndo maana nasema, kadi ikinasa USIONDOKE pale kwenye mashine. Simama hapohapo, ipigie benki, ifungie kadi kwenye apu ukiwa bado unaitazama mashine. Na mtu yeyote anayekusogelea kukusaidia kwenye ATM, hata awe mzee wa kanisa au msikiti, mwambie asante sihitaji, hata kama utaonekana huna adabu. Adabu zetu ndo zinatuponza wengi, tunaona aibu kumkatalia mtu mpole.

Sasa hivo vifaa ulivyovisikia. Mstari mweusi nyuma ya kadi ni sumaku, una maandishi yasiyobadilika, namba ya kadi na tarehe na vitu kama hivyo, kwaiyo ukipitishwa mara moja kwenye kisomaji cha mwizi umeshakopiwa na anaweza kuuandika kwenye kadi nyingine. Kinachokosekana ni pini, ndo hapo wanaweka kikamera kidogo juu ya vitufe au wanabandika vitufe bandia juu ya vile halisi. Chipu, kile kibati kidogo mbele ya kadi, ni habari nyingine, yenyewe kila muamala inatengeneza kodi mpya, yani namba ya siri ya mara moja, kodi ya jana haina kazi leo, ndo maana kuikopi chipu ikawa kadi kamili ni ngumu sana. Shida ni kwamba ule mstari bado upo mgongoni mwa kadi nyingi kwa ajili ya mashine za kizamani, na mwizi anaenda kuutumia kwenye mashine hizohizo. Mastercard walitangaza mwaka 2021 kwamba wanauondoa taratibu, na ikifika 2033 kadi zao hazitakuwa nao kabisa. Mpaka hapo bado tuko nao.

Kwa mtu wa kawaida dawa ni ndogo tu. Tumia ATM iliyo ndani ya benki, mchana, benki ikiwa wazi, manake hapo ni vigumu mtu kukaa anabandika vitu, na kadi ikinasa unamgeukia mfanyakazi. Kishike kile kidude cha kuingizia kadi ukitikise, cha kweli hakichezi. Vitufe vikionekana vimenyanyuka au rangi haifanani na mashine nyingine pembeni, ondoka. Vipo pia vya kuchomekwa ndani kabisa ya tundu, vyembamba, hivo macho yako hayataviona, kwaiyo silaha inayobaki ni kuufunika mkono unapoandika pini, kila mahali, hata ukiwa peke yako, kwa sababu kamera haina miguu huwezi kusikia imekuja. Huo mkono mmoja unavunja nusu ya kazi ya mwizi, anabaki na kopi isiyo na pini ambayo kwenye ATM haimfikishi popote.

Na ile meseji inayozunguka kwenye magrupu kwamba ukitekwa uandike pini kinyumenyume polisi watakuja, ni uongo. Fikiria tu mwenye pini ya 2332. Ukitishiwa kisu toa hela, roho haina kadi mbadala.

Mume wangu amenunua waleti ya kuzuia mawimbi, ghali kweli, anasema wezi wanapita na mashine kwenye treni wanagusisha mfukoni hela inakatwa. Ni kweli au amepigwa? (Mke wa Mjanja)

Hajapigwa sana ila amepigwa kidogo. Kadi za kugusisha zinasomeka umbali wa sentimita chache tu, na anayepokea malipo lazima awe na mashine iliyosajiliwa na akaunti inayojulikana, yani mwizi anajiandikisha jina kwanza ndo akuibie, na hela inachukua muda kumfikia, malalamiko yanaweza kumuwahi. Halafu kadi mbili au tatu zikibanana pamoja mashine inachanganyikiwa. Inawezekana? Kinadharia inawezekana. Mi singelipia waleti kwa hofu hiyo.

Cha kuogopa ni mwizi akiishika kadi yenyewe, manake anaweza kugusisha vijimalipo vidogo vidogo bila pini kabla hujashtuka. Nchi za Umoja wa Ulaya kwa mfano utaratibu unaruhusu muamala wa mpaka euro 50 bila pini, halafu benki inatakiwa kudai pini baada ya jumla ya euro 150 au baada ya miamala mitano mfululizo. Kwaiyo hasara ina ukomo ila ipo. Baadhi ya benki zinakuruhusu kuzima kugusisha kwenye apu, zima ukitaka.

Na mwambie mjanja wako kama simu yake inakubali, alipe kwa simu badala ya kadi. Huduma kama Apple Pay, iliyoanza 2014, na Google Pay hazimpi muuza duka namba ya kadi yako, zinampa namba nyingine ya badala iliyofungwa kwenye simu hiyo, na kwa kawaida malipo hayapiti mpaka alama ya kidole au sura au namba ya siri ya simu. Kadi yenyewe inabaki imelala ndani ya begi. Angefanya hivyo waleti ingebaki kuwa ya urembo.

Kwenye mgahawa ugenini mashine iliniuliza nataka kulipa kwa hela ya kwetu au ya kwao. Nikachagua ya kwetu nielewe. Nimerudi naona nimekatwa nyingi kuliko wenzangu tuliogawana bili sawasawa. Nimeibiwa? (Mhasibu wa Familia)

Hujaibiwa kisheria, ila roho inauma vilevile. Ukichagua hela ya kwenu, anayebadilisha sio benki yako tena, ni kampuni iliyo nyuma ya ile mashine, na inajipangia kiwango na kujiwekea chake humo. Siku zote chagua hela ya nchi uliyopo, kwenye mgahawa na kwenye ATM pia, ATM ndo zinapenda kukuandikia sentensi ndefu ya kutisha kama vile ukikataa muamala utakufa. Kataa, utapita tu. Na kama mhudumu amekuchagulia bila kukuuliza, mwambie afute arudie kabla hujaondoka pale.

Ukiwa hapo soma namba vizuri. Kuna nchi nyingi mkato ndo unatenganisha senti na nukta inatenganisha maelfu, kinyume na ulivyozoea, mtu amechoka anaona 1.250 anadhani ni moja na robo.

Kadi usimpe mtu akaondoka nayo, mwambie alete mashine mezani au nyanyuka umfuate. Wakati inarudishwa soma jina juu yake. Unacheka, lakini kuna mchezo wa kubadilisha, wa kwenye taksi hasa, dereva anasema hapokei keshi, anakupa mashine uandike pini, anakurudishia kadi ya benki ileile rangi ileile ila ya mtu mwingine aliyelizwa jana. Unagundua kesho ukitaka kununua maji.

Shikamoo anti. Naenda kusoma nje. Nikibadilisha laini, zile kodi za benki zinazokuja kwa meseji ntazipata wapi? Na juzi kuna mtu alinipigia anajua jina langu na namba nne za mwisho za kadi, anasema yuko benki, anataka hiyo kodi azuie wizi. Sikumpa ila nilitetemeka. (Mwanafunzi Mtarajiwa)

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kutetemeka bila kumpa.

Hiyo kodi ndo saini yako. Benki haikuombi kodi kwa simu, kwa sababu yoyote ile, hata awe na jina lako, tarehe ya kuzaliwa na namba nne za mwisho, manake namba nne ziko hata kwenye risiti, na vyote hivyo vinaweza kuwa kwenye orodha za wateja zilizovuja. Hata namba inayoonekana kwenye skrini yako kuwa ya benki inaweza kughushiwa. Kata simu, subiri kidogo, piga mwenyewe ile namba ya kwenye karatasi. Kama kweli ni wao watajua.

Laini ya nyumbani usiitupe wala usiiache droo ya mama. Simu nyingi sasa zinabeba laini mbili au laini moja na eSIM (laini isiyo na kadi, inayowekwa ndani ya simu yenyewe), weka ya huko kwa ajili ya intaneti, ya nyumbani iache ikiwa hai, data yake umeizima, ya kupokelea meseji tu. Waulize mtandao wako kupokea meseji ukiwa nje kunakatwa au la, na laini ikikaa muda gani bila salio wanaifunga, hili la pili watu wengi wanalisahau na laini inakuja kupewa mtu mwingine, kodi zako zinamfuata yeye. Bora zaidi kama benki yako inathibitisha malipo ndani ya apu, basi hamia huko kabla hujaondoka, manake kusajili apu kwenye simu mpya ukiwa mbali mara nyingi wanataka hiyohiyo meseji au ufike tawini.

Waifai za bure za eapoti na hotelini watu wanaziogopa kupita kiasi. Apu ya benki na tovuti ambazo anwani yake inaanza na https zinafunga mawasiliano, mtu wa meza ya pili haoni namba zako zikipita hewani. Kinachowaliza watu ni ukurasa bandia unaokuomba kadi "ili uunganishwe" na waifai ya bure. Kitu cha bure kinataka kadi ya nini? Cha pili ni meseji inayokuja kama imetoka hotelini, wakati mwingine ndani ya apu ileile uliyobukia, kwa sababu akaunti ya hoteli ndo imedukuliwa, inasema thibitisha kadi yako ndani ya saa kadhaa la sivyo chumba kinafutwa, na jina lako na tarehe zako ziko sawa kabisa. Usibonyeze, ipigie hoteli. Na cha tatu cha kizee lakini bado kinakamata, simu ya chumbani inalia saa sita usiku, "risepsheni hapa, mfumo umezima, tusomee namba ya kadi." Vaa ndala ushuke.

Binti yangu, nina miaka 71, naenda kumtembelea mwanangu aliyeolewa nje. Pini nasahau, nimeiandika kikaratasi nikaikunja ndani ya pochi. Mwanangu amenigombeza. Nifanyeje? (Babu Msahaulifu)

Shikamoo mzee wangu. Mwanao amekosea kukugombeza ila kuhusu kikaratasi yuko sahihi, kitoe leo.

Nikufurahishe kidogo. Mashine ya kutolea hela ya benki ya Barclays ilizinduliwa Enfield, London, Juni 1967, na aliyeibuni, John Shepherd-Barron, amewahi kusimulia kwamba yeye alitaka tarakimu sita, mkewe akamwambia yeye anakumbuka nne tu, zikawa nne. Kwaiyo kusahau kwako kuna heshima zake.

Nenda benki uibadilishe pini kabla ya safari, uweke unayoijua wewe, isiwe mwaka wako wa kuzaliwa wala wa mjukuu, hivyo viko kwenye pasipoti iliyo begi lilelile. Chagua namba ya kitu cha zamani ambacho hakijaandikwa popote, namba ya nyumba uliyopanga ukiwa kijana au ya basi ulilokuwa ukipanda. Kuificha kwenye kitabu cha simu kama namba ya mtu haisaidii, wezi wanalijua hilo siku nyingi. Na usiikumbuke kwa mwendo wa kidole peke yake mzee, vitufe vya mashine nyingine vimepangwa kama vya kikokotozi, saba iko juu, kidole kitakwenda kilikozoea na pini itakataa. Kwa kawaida ukikosea mara tatu kadi inajifunga. Ziwe tarakimu nne, kuna mashine huko hazipokei zaidi.

Na ijue kweli, usitegemee kusaini, manake mashine za tiketi za treni na za mafuta zisizo na mtu mara nyingi zinadai pini.

Naandika nikiwa bado huku nje. Jana begi limechukuliwa kwenye kiti cha pembeni, simu, kadi moja, paspoti. Nimefungia kadi kwa kutumia simu ya rafiki. Nifanye nini kingine? Halafu leo hoteli wameniambia kuna mtu kaokota kadi yangu kaileta, niendelee kuitumia? (Aliyelizwa)

Pole sana mpenzi, na kuifungia ndo kitu cha kwanza, umefanya sawa. Sasa ipigie benki uongee na mtu, kufungia kwenye apu kunasimamisha tu, unatakiwa useme imeibiwa wakupe namba ya taarifa, iandike na saa uliyopiga. Ambaye hana namba ya benki yake, Visa na Mastercard wana huduma ya dharura ya dunia nzima, namba ziko kwenye tovuti zao, wanakuunganisha na benki, na kutegemea kadi yako wanaweza hata kukusaidia upate kadi ya muda au keshi ya dharura. Simu ifungie kwa mbali na uwaambie mtandao wafunge laini, manake laini yako ikiingizwa kwenye simu nyingine kodi zote zinaenda huko. Nenda polisi uchukue karatasi hata kama unaona hawatakamata mtu, benki na bima wataiomba, na ubalozi pia kwa ajili ya paspoti.

Kisha pitia miamala mmoja mmoja, ule usio wako uupinge kwa maandishi. Kudai kurudishiwa kuna muda, kwenye mitandao hii mikubwa ya kadi, Visa na Mastercard, mara nyingi ni siku 120, ila usisubiri hata moja. Usichanganye na hela iliyoshikiliwa na hoteli au waliokukodishia gari kama dhamana, ile inaonekana imetoka na baadaye inarudi yenyewe, watu wengi wanaanza ugomvi na benki kwa hela ambayo haijaenda popote.

Kuwa macho na simu zitakazokuja siku mbili hizi. Aliyeiba anaweza kukupigia au kukutumia meseji akijifanya benki, "tumeona kadi yako imeibiwa, tupe pini tuifute." Au meseji kwamba simu yako imeonekana, ingia hapa uione iko wapi, uandike na neno la siri. Wote hao ni haohao.

Hiyo kadi iliyookotwa usiitumie, hujui imepita mikono gani na imekopiwa wapi, na ukishairipoti imekufa hata ukiiingiza kwenye mashine inaweza kumezwa. Washukuru hotelini, omba mkasi hapohapo risepsheni, kata katikati ya chipu, kata na ule mstari mweusi, vipande vitupe kwenye mapipa mawili tofauti.